Sidiria Niliyoipunguza Mwenyewe

Mwanamke akinenepa huku kwetu huambiwa amebarikiwa. Akikonda huulizwa anaugua nini, na wasiouliza wameshajijibu wenyewe. Mimi nilikonda nikiwa nimevuka hamsini, nikakonda kwa kutaka, na aliyeniamini alikuwa daktari peke yake.

Daktari huyo wa kliniki ya sukari mjini Kitui alikuwa ameniambia niache chai yangu, ile tamu mpaka midomo inashikana, nipunguze ugali na nitembee. Niliacha, nikapunguza, nikatembea. Niliporudi kwake baada ya miezi kadhaa alinipima, akatabasamu, akasema niendelee vivyo hivyo. Nilitoka pale na furaha ya mtoto aliyepita mtihani. Nikafika nyumbani, upande wa Kanyangi, na jirani wa kwanza kuniona akashika kiuno, akaniita mama kwa Kikamba chetu: "Ai, mwaitu, umekwisha hivi?" Furaha yote ikaishia langoni.

Nalichukia neno hilo. Sukari huisha, mshumaa huisha. Mimi nilikuwa nimepungua tu, tena mahali pa kupungua.

Shida ni kwamba sidiria zangu zote zilikuwa za yule mwanamke wa zamani. Gauni likikupwaya unalifunga leso juu na maisha yanaendelea. Sidiria haidanganyiki hivyo. Mkanda wake wa chini, ule unaozunguka mbavu, ulikuwa umenilegea mpaka nyuma ukapanda ukakaa katikati ya mabega, na kadiri ulivyopanda nyuma ndivyo matiti yalivyoshuka mbele. Nikiinua mikono kuanika nguo, sidiria inapanda na kila kitu kingine kinabaki chini. Waya uliopaswa kukaa chini ya titi unakaa juu yake na kulikaba. Narudisha mikono, naingiza kidole ndani ya blauzi, navuta, napanga, nageuka kuona kama kuna mtu ameniona. Siku zote kuna mtu ameniona.

Kila niliyemwambia alinipa dawa moja: kaza kamba za mabegani. Nikakaza. Kamba zikanikata mifereji mabegani, nyuma mkanda ukapanda zaidi, na matiti hayakwenda popote. Nami nilipaswa kujua. Nimebeba maji tangu utotoni, mtungi mgongoni na ukamba kwenye paji la uso. Mtungi usipokaa vizuri kule chini mgongoni, fupisha ukamba utakavyo, shingo ndiyo itakayoumia. Mzigo hushikwa kutoka chini. Nilijua hivyo kwa mtungi na sikujua hivyo kwa kifua changu mwenyewe, nikajicheka baadaye.

Kununua ndogo nako hakukufaa. Siku ya soko nilichakura kwenye mitumba mpaka mwenye meza akaanza kukohoa. Zenye mkanda mfupi zilikuwa na vikombe vya msichana wa darasa la saba. Mwili wangu ulikuwa umeondoka mgongoni na mbavuni, lakini mbele haukuondoka hata kidogo, na watu wanaoshona sidiria huko zinakotoka hawakuwa wamenifikiria.

Nikatumia pini. Nilikunja mkanda nyuma, nikabana, nikaenda kanisani. Katikati ya maombi, wakati mchungaji amepandisha sauti na watu wamefumba macho, pini ilifunguka ikanichoma ubavuni. Nikapiga yowe. Kanisa zima likajibu "Amina!" na mama mmoja nyuma yangu akaanza kulia kwa shukrani. Sikumrekebisha mtu. Lakini nilijua pini si jibu.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao mtu wa kwetu tu ndiye anayeweza kuufanya. Nilitumia blada. Blada ni ule mpira mweusi unaokatwa kutoka tyubu ya gurudumu, na huku hakuna kisichofungwa kwa blada: mitungi kwenye pikipiki, mlango wa zizi, spika juu ya gari la mkutano. Kama blada inashika gunia la mbaazi kutoka kwetu mpaka sokoni, nikasema, itashindwaje na mimi? Nikaufunga mkanda nyuma kwa kipande cha blada, nikavuta, nikakaza fundo kwa meno kabla ya kukigeuza mgongoni. Nikajitazama. Kifua kilikuwa kimepanda mahali pake pa zamani. Jumatatu hiyo nikaenda mwethya nikiwa nimenyooka.

Mwethya ni kazi yetu ya pamoja. Kikundi chetu ni cha wanawake, na mwaka huo tulikuwa tunajenga bwawa la mchanga kwenye mto mkavu ulio chini ya shamba langu: ukuta wa mawe unakatiza mto, mvua inaleta mchanga, mchanga unaficha maji, na kiangazi kikija unachimba kidogo tu unachota. Mawe tunayapokezana. Tunasimama kwa mstari kutoka kwenye lundo hadi ukutani, jiwe linatoka mkono kwa mkono, na mmoja wetu anaimbisha ili mikono yote iende pamoja. Mwimbishaji nilikuwa mimi. Nilikuwa mimi kwa miaka mingi.

Wasio kwenye mstari wako kwenye sufuria. Pale hukaa wajawazito, wanaonyonyesha na mabibi waliochoka, wanapika uji na isyo ya mahindi na kunde. Ni kazi nzuri na bila hiyo tungeanguka. Lakini mambo ya kikundi huamuliwa kwenye mstari, mawe yakiendelea kupita: bwawa lijalo liwe wapi, shamba la nani lichimbwe matuta kwanza. Walio kwenye sufuria huulizwa kama chumvi inatosha.

Jua lilipokolea, blada ikaanza kupata moto na kulainika mgongoni pangu. Niliisikia ikinitafuna. Nilikuwa nimenyoosha mikono kupokea jiwe, naimbisha kwa sauti yote, na fundo likakatika. Lilitoa mlio ambao hata mafundi wawili wa simiti kule ng'ambo waligeuka. Sidiria ikaruka mpaka shingoni, mikono yangu ikakimbilia kifuani bila kuniuliza, na jiwe likaanguka likamparuza rafiki yangu aliyesimama kushoto kwangu, kwenye kidole gumba cha mguu.

"Ni bra!" nikasema kabla hawajaanza kukisia. "Nilikuwa nimeifunga na blada. Ndiyo imekatika."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Rafiki yangu alicheka huku ameshika kidole. Nami nilicheka, na tungekuwa tumemaliza hapo. Lakini mwenyekiti hakucheka. Ni mwanamke mchapa kazi, mdogo kwangu kwa miaka mingi, na ana upole fulani unaoniudhi kuliko matusi.

"Mwaitu," akaniambia, "hatukufukuzi. Umefanyia hii kikundi kazi sana. Lakini mtu akianza kupotelea ndani ya nguo zake, mwili unamwambia kitu. Enda ukae kwa sufuria upumzike."

"Bra ndiyo imelegea. Mimi sijalegea."

"Sasa kama jiwe ingevunja mtu mguu?"

Hapo alinishinda, kwa sababu ni kweli jiwe lilikuwa limemwangukia mtu. Nikaenda kwenye sufuria. Nilikoroga uji kwa hasira mpaka ukamwagika. Kule kwenye mstari walimpa mwingine kuimbisha, akachagua wimbo wa kanisani wa polepole, na mawe yakaanza kutembea kama yanapelekwa kaburini. Nilikaa pale nikahesabika mzee, na niliumia kuliko nilivyodhani naweza kuumia kwa sababu ya nguo ya ndani.

Jioni hiyo hiyo mwenyekiti alimpigia simu binti yangu. Binti yangu anaishi Mtito Andei na mume wake, kijana aliyetoka upande wa Murang'a akafungua hoteli ya madereva wa malori kando ya barabara ya Mombasa, na nyuma ya hoteli wana vyumba vya kulala wageni. Hakungoja wikendi. Alifika na gari la mume wake, amebeba matunda, maziwa ya kopo na mfuko wa nguo.

"Mum, nimekutengenezea room," akasema kabla hata ya kukaa. "Iko na TV. Choo iko ndani. Hautafanya chochote."

"Nitakaa nikifanya nini?"

"Utakaa tu, mum."

Alisema hivyo kwa upendo, machozi yakimlengalenga, na najua yalikotoka. Baba yake alikonda vivyo hivyo. Tulisema ni kazi, tukasema ni jua, tukasema mambo mengi mpaka tukamzika. Sasa alikuwa anamwona mzazi wa pili akipungua mbele ya macho yake, na alikuwa ameapa kwamba safari hii hataongopewa. Nilimwonyesha kadi ya kliniki. Akaisoma yote, akainua kichwa, akasema, "Hata dad alikuwa anasema ako sawa." Nilimwelewa. Na bado nilikasirika.

Kisha akatoa sidiria kutoka kwenye mfuko. Ilikuwa mpya, ya rangi ya kahawia, nzito, ya dukani kabisa, na nikijua jinsi anavyofanya kazi pale hotelini nilijua hakuinunua bila kujinyima. Ilikuwa ya saizi yangu ile ya kale.

"Hii uiweke, usiivae sasa. Ukikaa kwangu utarudia mwili wako. Hii itakungojea."

Nikaigeuza mikononi. Ilikuwa imeshonwa vizuri. Na ilikuwa inamngojea mtu ambaye mimi na daktari tulikuwa tumemfukuza kwa bidii. Kila mtu alikuwa akimngojea. Mwenyekiti alikuwa akimngojea ndipo anirudishe mstarini, na binti yangu alikuwa akimngojea ndipo alale usingizi. Mimi niliyekuwa nimeketi pale na mifupa yangu na akili zangu hakuna aliyekuwa na haja na mimi.

"Alhamisi nitakuja na gari," akasema akiondoka. "Upange nguo zako."

Sikujibu. Anayenijua anajua kunyamaza kwangu si kukubali, lakini mtoto akiwa na hofu husahau anayemjua. Alhamisi ilikuwa siku ya mwethya.

Kesho yake mchana nilitoa kiti nje, nikakaa uani mahali ambapo kila anayepita njiani angeniona, nikaweka mapajani sidiria mpya, makasi, wembe, sindano na uzi mweusi. Rafiki yangu alikuja akichechemea kidogo kunionyesha kidole chake, ambacho alikuwa akikionyesha kila mahali. Alipoona makasi aliweka mkono juu yake.

"Usikate! Piga tu kushona kidogo, ukinona utafumua."

"Sinoni."

"Na ukinona?"

"Nikinona nitavaa leso. Shika hapa."

Nilivaa sidiria juu ya blauzi, nikamgeuzia mgongo, nikamwomba ashike mkanda uliozidi upande wa kulia na upande wa kushoto na kuubana kwa vibanio vya nguo. Mtu hawezi kujipima mgongo peke yake. Alibana, nikavuta pumzi, nikainua mikono, nikainama kana kwamba naokota jiwe. Vibanio vikashika. Tukaweka alama ya sabuni.

Kwa haraka zangu nilikata vibaya mara ya kwanza. Niliona uvivu kugusa pande zote mbili, nikatoa kipande chote upande wa kulabu peke yake, nikashikiza, nikaivaa. Ilinibana vizuri lakini ilikuwa imeenda upande. Katikati yake palikuwa karibu na kwapa, kamba moja inavuta, nyingine inaanguka, na titi moja linatazama Kibwezi. Rafiki yangu alijaribu kunyamaza akashindwa. Ikabidi nifumue, nirudishie kipande kile nusu yake, kisha nipunguze kiasi kile kile upande wa pili. Ukipunguza mkanda unapunguza kotekote, au umejiharibia.

Kuna jambo jingine nililolijua bila kufundishwa. Mkanda unavutika, kwa hiyo ukiushona kwa mshono ulionyooka, siku ya kwanza kuinama uzi utakatika. Nilishona kwenda na kurudi, mshono wa kupinda, jinsi tunavyorudia ukingo wa kiondo, kikapu chetu cha kusuka, ili usifumuke kikijaa. Kulabu nilizitoa zote kwa wembe na kuzirudisha kwenye mwisho mpya, kila moja kwa uzi wa mikunjo mingi. Watu walipita, wakasalimu, wakatazama. Mzee mmoja aliona nilichoshika akajifanya anatafuta mbuzi wake. Sikufunika kitu. Niliyafichaficha mambo haya tangu nikiwa msichana, nikianika sidiria chini ya leso mpaka zinanuka ukungu, na siku hiyo nilikuwa nimechoka kabisa.

Nilipoivaa, ndani ya nyumba safari hii, niliingiza vidole viwili chini ya mkanda nyuma. Viliingia kwa shida kidogo, na nilipoviachia mkanda ulirudi mahali pake. Ulikuwa umelala sawasawa, chini, mbele na nyuma. Nililegeza kamba za mabegani mpaka karibu hazifanyi kazi, na kifua hakikushuka. Nikasimama pale nikavuta pumzi. Mwili ule ulikuwa wangu, umeshikwa vizuri, na sikuwa nikimngojea mtu mwingine aje auvae. Nililia, sitakataa.

Vipande vilivyobaki nilivitupa kwenye moto wa kupikia.

Alhamisi nilifika mtoni wa kwanza. Wenzangu walipojipanga nami nikajipanga, mahali pangu, rafiki yangu kushoto. Mwenyekiti akaja na upole wake.

"Mwaitu, tuliongea. Wewe ni wa sufuria. Na mtoto wako akanipigia, ati yuko njiani anakuja kukuchukua."

"Yule ni mtoto wangu, si mimi ni mtoto wake. Kuja hapa kwanza."

Niligeuka nikampa mgongo, nikainua blauzi. Wanawake wakapiga kelele. Mafundi wa simiti wakakumbuka kwamba wana kazi upande wa pili wa ukuta.

"Vuta," nikamwambia.

"Mwaitu, teremsha nguo."

"Vuta! Si ulisema ni bra iliyokuambia niko mgonjwa? Basi iulize tena."

Akaingiza vidole viwili, kwa aibu, akavuta kidogo. Akavuta tena kwa nguvu. Mkanda ukatoka, ukarudi ukanipiga mgongoni, ukalala. Nikainama nikainua jiwe kubwa lililokuwa karibu, nikalipandisha hadi kifuani, nikalishusha, nikainua mikono juu. Hakuna kilichosogea.

"Mimi nimekonda," nikasema ili wote wasikie. "Nilitaka kukonda, na nimefaulu. Nyinyi mnaniangalia mnaona mtu anakufa. Mimi najiangalia naona mtu ambaye nguo yake ilikuwa kubwa. Nani kati yetu anaujua huu mwili?"

Rafiki yangu akasema kidole ni chake na yeye hajalalamika. Mwingine kule mbele akasema ule wimbo wa Jumatatu ulimlaza. Mwenyekiti aliwatazama, akanitazama, akafuta mikono kwenye leso yake.

"Jiwe ingine ikianguka, mimi sitaongea tena," akasema, na akaenda kusimama kwenye lundo.

Ndipo nikamwona binti yangu. Alikuwa ameshuka ukingo wa mto na viatu vyake vya mjini, funguo za gari mkononi, na alikuwa ameona yote. Alinijia moja kwa moja, akanishusha blauzi nyuma kwa mikono yake mwenyewe kama mtu anayevalisha mtoto, na mkono wake ukasimama kwenye mkanda.

"Mum. Hii ni ile yangu?"

"Ndiyo hiyo."

"Umeikata?"

"Nimeikata."

"Sasa ukirudia mwili utavaa nini?"

"Mwili ni huu. Siurudii mwingine."

Alianza kulia, pale mbele ya watu. Nilimshika bega. Nilitaka kumwambia kwamba baba yake alikuwa anajificha na mimi sijifichi, kwamba nitakwenda kliniki kila nikiitwa na yeye aje asikie kwa masikio yake. Nikamwambia hayo yote, na akatikisa kichwa kukubali, na bado hofu haikumtoka. Hofu ya namna hiyo haitoki kwa maneno.

"Na room?" akauliza.

"Mpatie dereva alale."

"Na ukifia huku, mum? Ukifia huku peke yako?"

Nilimpangusa uso kwa ncha ya leso yangu, nikamgeuza taratibu akae nje ya njia ya mawe.

"Nikifia huku mtanivalisha hii hii," nikasema. "Inanitosha."

Kisha nikamwachia bega, kwa sababu jiwe la kwanza lilikuwa limeanza kuja, na mwenye kuimbisha nilikuwa mimi.